Ukerewe: Kisiwa Kilichosogezwa Mbali

Katikati ya mwaka 1875, mvumbuzi Henry Morton Stanley alikuwa amekwama Kageyi, kijiji cha mwambao wa Usukuma. Bunduki alikuwa nazo, shanga na vitambaa alikuwa navyo, na wapagazi walikuwa wengi kupita uwezo wake wa kuwavusha. Mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipandevipande mabegani mwa watu kutoka pwani, ilikuwa imekwisha kulizunguka ziwa na kurudi. Lakini mashua moja haikutosha kuuhamisha msafara mzima hadi Buganda, na njia ya nchi kavu upande wa magharibi ilishikwa na watawala wasiotaka kumpitisha. Ikambidi avuke kwenda kwa Lukonge, Omukama, yaani mfalme, wa Ukerewe, kumwomba mitumbwi.

Lukonge alikuwa bado kijana. Alimpokea mgeni kwa heshima, akazipokea zawadi zake, na baada ya mazungumzo ya siku kadhaa mitumbwi ikapatikana. Mwezi Juni msafara ukang'oa nanga. Mitumbwi mikubwa ya ziwa hili wakati ule ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa kamba za mimea, na mingi ya ile aliyopewa Stanley ilikuwa mikuukuu. Usiku wa kwanza tu mishono ikaanza kuachia. Gizani watu wakawa wanapiga kelele za kuomba msaada huku maji yakiingia miguuni mwao, na Lady Alice ikawa inakwenda huku na huku kuwaokoa. Mitumbwi kadhaa ikazama na mizigo yake. Watu wakanusurika.

Kisa hiki kinaeleza jambo ambalo msafiri wa leo hawezi kulikisia. Anayetoka Mwanza kwenda Nansio, mji mkuu wa kisiwa, hukaa bandarini akingoja meli, kisha hukaa majini saa tatu hivi. Akipitia nchi kavu huzunguka hadi Bunda, hushuka Kisorya, halafu hungoja kivuko cha kumpeleka Rugezi. Watumishi wa serikali wakipangiwa kazi huko, jamaa zao huwapa pole. Ukerewe huhesabiwa kuwa pembezoni mwa nchi. Lakini mwaka 1875 mwenye msafara mkubwa aliyetaka kulivuka ziwa hili kutoka kusini alipaswa kwanza kuipigia hodi Ukerewe. Kisiwa hakikuhama. Kilichohama ni njia.

Njia panda ya maji

Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, chenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 530. Wilaya yake ina visiwa 38, vingine vya watu wengi kama Ukara, vingine vya kambi za wavuvi, vingine mawe matupu yenye ndege. Upande wa mashariki mkondo mwembamba ndio unaokitenga kisiwa kikuu na rasi ya Kisorya, kiasi kwamba mtu aliye ng'ambo huona moshi wa mwenzake.

Simulizi za Wakerewe husema ukoo uliotawala, Abasilanga, ulitoka Ihangiro, upande wa magharibi wa ziwa, ukaja kwa mitumbwi. Lugha yao, Kikerewe, bado ni ndugu wa Kihaya na Kizinza, ingawa majirani zao wa karibu zaidi ni Wajita na Wasukuma. Hilo lenyewe ni ushahidi. Kwa watu hawa maji yalikuwa yakiunganisha Ihangiro na Ukerewe kuliko ardhi ilivyoweza kuunganisha vijiji viwili vilivyotenganishwa na pori.

Mwanahistoria Gerald Hartwig, aliyekusanya simulizi za wazee wa Ukerewe mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1976, ameonyesha kwamba Wakerewe walikuwa wafanyabiashara wa masafa marefu tangu mwanzo wa karne ya 19. Misafara yao ilipeleka pembe za ndovu Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ikarudi na shanga, vitambaa na koili za madini. Biashara ilimtajirisha Omukama, lakini ilileta pia maradhi mapya, na pamoja nayo hofu ya uchawi na kushukiana kati ya jirani na jirani. Kisiwa kilichokuwa njia panda kililipa gharama ya kuwa njia panda.

Sifa zake zilienea mpaka pwani. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walipolizungumzia ziwa kubwa la bara, waliliita kwa jina la kisiwa: Ukerewe. Tarehe 3 Agosti 1858 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza pamoja na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, akasimama kilimani, akayaona maji yasiyo na mwisho na visiwa vikielea mbali. Akalipa ziwa jina la malkia wake. Lakini katika maandishi yake jina la Ukerewe lilibaki ubavuni mwa Victoria, kwa sababu ndilo alilokuwa akilisikia njiani tangu alipoanza safari.

Jahazi la Songoro

Mfanyabiashara mmoja kutoka pwani, Songoro, alielewa mapema kwamba mwenye chombo ndiye mwenye ziwa. Akaweka makazi Ukerewe, akaanza kujenga jahazi. Tuone maana yake. Ziwa lote lilikuwa linasafiriwa kwa makasia na mikono ya wapiga kasia waliokuwa raia wa wafalme. Jahazi lenye tanga lingeweza kubeba mzigo mwingi na watu wachache wa kuliendesha, na lisingemhitaji mfalme yeyote. Kwa Songoro lilikuwa mtaji. Kwa Lukonge lilikuwa tishio lililokuwa likijengwa kwenye ufukwe wake mwenyewe, kwa miti ya nchi yake.

Mwaka 1877 wakafika wamisionari wa kwanza wa Kianglikana, Luteni Shergold Smith na wenzake, wakiwa njiani kwenda kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Nao pia shida yao kubwa ilikuwa chombo. Waliunganisha mashua yao, Daisy, wakahitaji na jahazi la Songoro. Ugomvi kati ya Omukama na Songoro ukapamba moto, na mwezi Desemba mwaka huo Songoro akakimbilia kwa wageni hao wapate kumlinda. Wakakataa kumtoa. Watu wa Lukonge wakashambulia. Songoro akauawa, na Smith na mwenzake O'Neill wakauawa pamoja naye.

Vitabu vya misheni viliandika habari hiyo kama kifo cha mashahidi wa dini. Kwa upande wa Ukerewe ilikuwa vita ya kugombea nani atamiliki uvukaji. Mwaka uliofuata Alexander Mackay, fundi na mmisionari kutoka Scotland, alifika Kageyi, akaikuta Daisy imechakaa, akaitengeneza. Kisha akavuka kwenda kwa Lukonge bila silaha, kinyume cha ushauri wa waliomtakia mema. Wakakaa, wakazungumza, wakapatana. Kitendo hicho cha Mackay kinastahili kukumbukwa, kwa kuwa bunduki zilizokuja baadaye hazikuzungumza na mtu.

Wajerumani walijenga kituo chao Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1895 watu wa Ukerewe wakaingia vitani dhidi ya wageni, wakashindwa, na Lukonge akaondolewa madarakani. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kumkwamisha au kumvusha Stanley akamaliza enzi yake kwa kushindwa. Tangu hapo Omukama aliyeketi Bukindo alitawala kwa idhini ya bomani.

Reli, meli na ramani mpya

Mwaka 1901 reli ya Waingereza iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo. Meli za chuma zikaletwa vipandevipande kama ilivyoletwa mashua ya Stanley, zikaunganishwa ufukweni. William Mackinnon, Winifred, Sybil na Clement Hill zikawa zinalizunguka ziwa, zikipakia pamba, ngozi na karanga kutoka Mwanza na Bukoba. Hata vita ya kwanza ya dunia ilipoingia ziwani, Ukerewe bado ilikuwa na thamani kwa majenerali: Juni 1916 Waingereza waliiteka kwanza, wakaifanya ngazi ya kuipandia Mwanza, ambayo ilianguka mwezi Julai.

Kisha mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika Mwanza. Hapo ndipo hesabu ilipobadilika kabisa. Mzigo wa upande huu wa ziwa ukawa na mdomo mmoja wa kutokea. Mwanza ikakua, ikawa mji mkubwa wa kanda, na kila kilichokuwa nje ya reli kikahesabiwa umbali wake kutoka stesheni. Wakerewe walikuwa pale pale, wakilima, wakivua, wakipiga kasia kama zamani, ila sasa safari yao ilianza na kuishia kwa kungoja chombo cha mtu mwingine, kwa ratiba ya mtu mwingine.

Umbali huo mpya ulitumika hata kisiasa. Mwanahistoria Mohamed Said ameandika kwamba Hamza Mwapachu, mmoja wa vijana wasomi walioisukuma Tanganyika African Association (TAA) kuelekea siasa za ukombozi, alipelekwa kufanya kazi Nansio, mbali na harakati za Dar es Salaam. Kwa mujibu wa maandishi yake, kiongozi mwenzake wa TAA, Abdulwahid Sykes, alisafiri mpaka kisiwani kumtafuta, wakashauriana juu ya kumpa Julius Nyerere uongozi wa chama. Aprili 1953 Nyerere alichaguliwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama kikazaliwa upya kwa jina la TANU. Kama mkoloni alidhani maji yatalizuia wazo, alikosea. Lakini ona jinsi mambo yalivyogeuka: ndani ya miaka themanini, Ukerewe ilitoka kuwa mahali pa kuombea mitumbwi ikawa mahali pa kumwekea mtu ili asisikike.

Maisha yaliyoandikwa

Bahati ya Ukerewe ni kwamba maisha yake ya zamani yaliandikwa na mtu wake mwenyewe. Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, wa ukoo wa watawala, akasomeshwa misheni ya Kagunguli, kisha seminari ya Rubya upande wa Bukoba. Alijua Kilatini na Kijerumani, lakini alipoona desturi za wazee zinapotea aliketi kuandika kwa Kikerewe. Kazi aliimaliza mwaka 1945. Kwa miaka mingi hakuna mchapishaji aliyekubali kitabu kinene cha lugha ya kisiwa kimoja. Hatimaye akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alifariki mwaka 1981, nakala zilizochapwa zikiwa hazijamfikia.

Hadithi yake ni ya mume na mke waliochelewa kupata mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao, mume anaandamana na aibu yake hadi ukweni, anatozwa mitungi ya pombe ya ndizi ndipo arudishiwe mkewe. Humo ndani msomaji anakuta namna ya kulima, kupika, kusalimiana, kutibu, kuvua samaki, kuzaa na kuzika. Kitereza hakuona kisiwa chake kuwa pembezoni mwa chochote. Katika kurasa zake Ukerewe ni dunia nzima, yenye adabu zake na madaktari wake.

Kijiji cha Namagondo, katika kisiwa hicho hicho, ndiko alikozaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ya mwaka 1971, inaanzia hapo: binti wa Namagondo anayelelewa kwa ukali na baba mlevi, anayeondoka kwenda shule na kuikuta dunia ambayo hakuandaliwa. Baadhi ya wakuu waliikataza mashuleni, leo inasomwa kama mojawapo ya nguzo za fasihi ya Kiswahili. Kisiwa kimoja kiliwatoa waandishi hawa wawili, mmoja akiitunza jana na mwingine akiihoji leo. Wilaya nyingi zenye reli na lami hazijafanya hivyo.

Kuishi juu ya mawe

Kaskazini mwa kisiwa kikuu kuna Ukara, kisiwa cha kilomita za mraba zipatazo 80, chenye majabali ya matale na jiwe maarufu linaloitwa jiwe linalocheza. Ardhi yake ni ya kichanga na rutuba yake si kubwa. Hata hivyo kwa muda mrefu Ukara imekuwa miongoni mwa sehemu zenye msongamano mkubwa wa watu nchini. Mabwana shamba wa kikoloni walipofika miaka ya 1930 walishangaa, wakaandika.

Walichokuta ni hiki. Ng'ombe wa Mkara hakuzurura. Alifungwa ndani, kwenye shimo lililochimbwa sehemu ya nyumba, akaletewa majani yaliyokatwa kwa mkono, mengine yakiwa yamepandwa makusudi kandokando ya maji. Chini yake samadi ilirundikana, ikachanganyika na mabaki ya majani, ikatolewa kwa vikapu na kupelekwa shambani kichwani. Katikati ya uwele yalipandwa marejea, ambayo yalifukiwa ardhini yakiwa mabichi yawe mbolea. Miteremko ilizuiwa kwa makinga ya mawe. Kila mti ulikuwa na mwenyewe, na mtu hakukata kuni kwenye mti wa jirani.

Hii ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na Wakara walijua hivyo kuliko mtaalamu yeyote. Ndiyo maana wengi waliohamia bara, Geita na kwingineko, walipopata ardhi tele waliziacha mbinu hizi. Ukara haikuwa na watu wa maumbile ya ajabu. Ilikuwa na watu walionyimwa pa kwenda, wakaihudumia ardhi kidogo waliyonayo kwa uangalifu uliopita kiasi. Leo, ardhi inapopungua kila mahali Tanzania, shule bora ya kilimo hai iko pale, ng'ambo ya maji, na wanafunzi wachache sana huvuka kwenda kujifunza.

Gharama ya kuvuka

Sangara, aliyepandikizwa ziwani zama za ukoloni, alibadilisha uchumi wote wa mwambao kuanzia miaka ya 1980. Alikula furu wengi mno, lakini aliwaletea wavuvi fedha ambazo sato hakuwahi kuleta. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, na mialo ya Ukerewe ikajaa watu kutoka kila kabila. Usiku taa za wavuvi wa dagaa huwaka majini zikafanana na mji. Asubuhi dagaa wenyewe hutandazwa kukaushwa, na wanawake huwageuza kwa mikono wakiangalia wingu. Machungwa ya Ukerewe nayo huvuka kwa magunia hadi masoko ya Mwanza.

Watu wakawa wengi. Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya wakazi 345,000 katika wilaya hiyo. Vyombo havikuongezeka kwa kasi ile. Ziwa hili linajulikana kwa dhoruba zake za usiku na alfajiri, na linajulikana pia kwa kusamehe makosa mara nyingi kabla ya kuadhibu mara moja. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba. Ilisajiliwa kubeba abiria 430. Makadirio ya waliokufa yalipita 800, na makaburi ya baadhi yao yako Igoma, Mwanza. Nchi ikalia, tume ikaundwa, ahadi zikatolewa.

Miaka 22 baadaye ikaja zamu ya Ukara. Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa siku ya gulio Bugolora, kwenye kisiwa kikuu. Mchana kivuko cha MV Nyerere kiling'oa nanga kwenda Bwisya, Ukara, na watu waliotoka sokoni: akina mama na mizigo ya mahindi, wanafunzi, wafanyabiashara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Mita chache kabla ya gati ya Bwisya, abiria wakijiandaa kushuka, kikapinduka. Waliokuwa ufukweni waliona kila kitu. Walioingia majini kwanza kuokoa walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Siku mbili baadaye wazamiaji walimkuta fundi mitambo mmoja hai ndani ya chombo kilichopinduka. Waliokufa walikuwa watu wasiopungua 228. Rais John Magufuli alitangaza siku 4 za maombolezo, wengi wakazikwa pale pale Bwisya, na sehemu ya fedha za rambirambi ikatumika kujenga kituo cha afya cha Bwisya.

Kwa nini watu zaidi ya 200 walipanda kivuko cha watu 101? Kwa sababu kukikosa ni kulala Bugolora na mzigo, watoto wakingoja nyumbani. Mtu hapandi chombo kilichojaa kwa kutojali uhai wake. Hupanda kwa sababu hakuna kingine, na kwa sababu jana kilijaa vile vile kikafika. Kivuko kimoja kilibebeshwa kisiwa kizima, na hesabu ya abiria ikawa jambo la kukadiria kwa macho.

Umbali ni uamuzi

Ukerewe haiko peke yake katika historia hii. Katika mabonde ya Himalaya, kaskazini mwa Nepal, kulikuwa na jamii zilizotajirika kwa kuvusha chumvi ya Tibet na nafaka za mabondeni, zikiongoza misafara ya wanyama kwenye njia za milima mirefu kuliko yote duniani. Katikati ya karne ya 20 mpaka ukabanwa, chumvi ya viwandani ikaja kutoka India, na vijiji vilivyokuwa vituo vya biashara vikaanza kuitwa maeneo ya mbali. Milima haikuongezeka urefu, kama vile ziwa letu halikuongezeka upana. Sehemu huwa mbali pale maamuzi ya njia yanapofanywa bila wenyeji wake.

Basi na ukaribu nao ni uamuzi. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa juu ya Ghuba ya Mwanza. Mahali ambapo watu walingoja kivuko kwa saa nyingi, wagonjwa wakiwemo, sasa gari linapita kwa dakika chache. Jambo lililoonekana haliwezekani kwa miaka yote tangu uhuru liliwezekana lilipoamuliwa.

Si kila kisiwa kitapata daraja, na Wakara hawadai hilo. Wanachostahili kinajulikana kila gati: vyombo zaidi ya kimoja kwenye kila njia, ili kimoja kikiharibika safari isigeuke kamari, tiketi inayohesabiwa na mtu mwenye mamlaka ya kufunga mlango nafasi zikijaa, maboya ya kujiokolea yanayofikika mkononi, boti ya wagonjwa inayotoka hata usiku, na waokoaji waliofunzwa walio karibu na gati, badala ya kuagizwa kutoka mbali watu wakiwa tayari majini. Lukonge alijua kwamba anayeshika uvukaji ameshika nchi. Serikali iliyourithi uvukaji huo imerithi pamoja nao wajibu wa kila roho inayopanda, na wajibu huo unaanza pale abiria wa 102 anapoambiwa asubiri, huku chombo cha kumchukua kikiwa kweli kinakuja.